19 Iliyogoma

Juma hili naomba utafute kalamu na kipande cha karatasi. Risiti ya dukani inatosha. Andika tarakimu nne, zote ziwe 4. Sasa weka baina yake alama za hesabu uzipendazo ili jibu liwe 1. Ukimaliza, tafuta 2, kisha 3, uendelee hivyo hivyo kadiri pumzi itakavyokuruhusu. Masharti ni mawili tu: hizo 4 zitumike zote nne, wala isiongezwe tarakimu nyingine hata moja.

Kupata 1 si kazi. Gawanya 44 kwa 44, umemaliza. 2 ni 4 ÷ 4 + 4 ÷ 4. Kwa 3, jumlisha 4 tatu kisha ugawanye kwa 4 iliyobaki. Kwa 7 utachukua 44 ÷ 4, ambayo ni 11, halafu utoe 4. Kwa 10 utachukua 44, utoe 4, zibaki 40, ugawanye kwa 4. Watu wengi hufika 10 kabla chai haijapoa. Ugumu huanzia mbele ya hapo, na ugumu huo una historia, ambayo ndiyo mada yangu ya leo.

Najua wapo watakaosema kwamba mtangazaji anayezungumzia hesabu ni mtangazaji aliyeishiwa habari. La hasha. Ninayo sababu yangu, na ni ya mwaka 1990, nikiwa darasa la nne. Asubuhi ile, kama asubuhi zote, tulianza na hesabu za kichwa. Mwalimu akatamka: 25 mara 16. Nikanyoosha kidole kabla ya wenzangu, nikasema 400. Akaniuliza nimepataje. Nikamweleza kwamba ile 16 nimeivunja ikawa 4 mara 4. 25 mara 4 ni 100, na 100 mara 4 ni 400. Mwalimu akamtazama jirani yangu, akanitazama mimi, akasema njia hiyo yeye hakuifundisha, kwa hiyo nimeangalizia. Nikala viboko vinne. Jibu langu hakulikataa. Alichokikataa ni njia.

Mwalimu yule ametangulia mbele ya haki, wala sina kinyongo naye. Lakini tangu siku ile nimevutiwa sana na hesabu za aina hii, kwa sababu zinaligeuza darasa kichwa chini, miguu juu. Shuleni unapewa tarakimu na alama, unaulizwa jibu. Katika mchezo huu unapewa tarakimu na jibu, unaulizwa alama. Jibu limewekwa mezani kila mtu analiona. Kinachotafutwa ni njia ya kulifikia, na njia zinaweza kuwa mbili, zikawa kumi, au isiwepo hata moja. Na hapo ndipo watu wamekuwa wakishindana kwa karibu karne tatu sasa: njia ipi ni halali, na nani wa kusema?

Tuanzie London. Katika eneo la Wapping, kando ya gati za mto Thames, alikuwako mwalimu aitwaye Thomas Dilworth. Mwaka 1743 alichapisha kitabu cha hesabu alichokiita The Schoolmaster's Assistant, yaani msaidizi wa mwalimu wa shule. Kitabu kile kilichapwa tena na tena, Uingereza kwenyewe na katika makoloni yake ya Amerika, na vijana wengi waliokuwa wakiandaliwa kwa kazi za biashara walijifunzia humo bei, vipimo na riba. Ni kitabu kikavu, kama vilivyo vitabu vya riba. Hata hivyo Dilworth aliweka ndani yake mafumbo machache ya kuchangamsha akili, na mojawapo linawahusu ndugu wawili, Jack na Harry. Jack anamtambia nduguye kwamba yeye anaweza kuzipanga 3 nne zikafanya 34 kamili. Je, Harry anaweza?

Ukizijumlisha 3 nne unapata 12. Ukizizidisha unapata 81. Mtoto aliyezoea kufanya kile tu alichoamriwa na alama hukwama hapo. Jibu ni 33 + 3/3, yaani thelathini na tatu, na juu yake tatu kugawanya kwa tatu, ambayo ni moja. Ujanja ni kuzisimamisha 3 mbili pamoja zikawa namba moja, kisha kuigeuza sehemu ikawa namba kamili. Leo tungeliita fumbo la watoto, na kweli lilikuwa la watoto. Lakini ndani yake mna jambo ambalo mwalimu wangu wa darasa la nne asingelipenda: mtoto anaambiwa ajitafutie mwenyewe la kufanya.

Sasa turuke hadi mwaka 1881, papo hapo London. Mwanafalaki Richard Proctor alianzisha mwaka huo jarida la sayansi aliloliita Knowledge, maana yake maarifa, akilikusudia kwa watu wa kawaida waliopenda kujua mambo bila kuwa maprofesa. Barua za wasomaji zilikuwa sehemu kubwa ya jarida hilo. Mwishoni mwa mwaka ule ule ikachapwa barua ya mtu aliyejificha nyuma ya jina la Kilatini, Cupidus Scientiae, tuseme mwenye uchu wa elimu. Huyu bwana alieleza kwamba kwa kutumia 4 nne pamoja na alama za hesabu, mtu anaweza kuandika kila namba kuanzia 1 hadi 20, isipokuwa moja tu. Iliyogoma ni 19.

Hebu fikiri. Kumwambia Mwingereza wa zama zile, mwenye meza yake, taa yake na jioni ndefu ya baridi, kwamba 19 haiwezekani, ni kumnyima usingizi. Na ukijaribu mwenyewe utaona kwa nini. 16 ni 4 nne zikijumlishwa. 17 ni 4 × 4 + 4 ÷ 4. 20 nayo ni nyepesi: 4 ÷ 4 ni 1, ongeza 4 iwe 5, zidisha kwa 4. 18 inahitaji kidogo msaada wa kipeuo cha pili, kwa kuwa kipeuo cha pili cha 4 ni 2, kwa hiyo 4 × 4 + 4, toa 2. Umezunguka pande zote. Umesimama juu ya 18, unaiona 20 upande wa pili, na katikati pana shimo.

Shimo lile lina ngazi mbili. Ya kwanza ni nukta ya desimali. Sisi tulifundishwa kuandika sufuri, nukta, nne. Waingereza wana mazoea ya kuiacha ile sufuri, wakaandika .4 tu, na tarakimu iliyotumika inabaki kuwa moja. Basi chukua 4 + 4, toa .4, unapata 7.6. Gawanya 7.6 kwa .4 iliyobaki. Unapata 19, bila masalio. Redioni hesabu hii ilimpa taabu fundi mitambo wangu, aliyedhani nimepoteza ukurasa, lakini hapa gazetini unaweza kuihakiki kwa utulivu.

Ngazi ya pili ni alama ya mshangao. Mwaka 1808 mwanahisabati Christian Kramp, mtu wa Strasbourg, alianza kuitumia alama hiyo kwa maana nyingine kabisa: namba yenye alama ya mshangao inazidishwa na namba zote zilizo chini yake mpaka 1. Kwa hiyo 4! ni 4 × 3 × 2 × 1, ambayo ni 24. Ukiwa na 24 kutoka katika 4 moja, kazi imekwisha: 24, toa 4, zibaki 20, toa 4 ÷ 4, zibaki 19.

Je, yule Mwenye Uchu alisema uongo? Hapana. Kwa alama alizokubali yeye, 19 ilikuwa haifikiki, na huo ulikuwa ukweli. Ila hakuandika kwamba haifikiki kwa alama nilizo nazo mimi. Aliandika kana kwamba kasoro iko kwa 19. Nimekutana na watu wengi wa aina hiyo katika kazi yangu ya habari, na wala hawakuwa wanazungumzia hesabu.

Mchezo huu wa 4 nne ulipata heshima ya kitabu kupitia kwa W. W. Rouse Ball, mwanahisabati wa Chuo cha Trinity kule Cambridge, ambaye pia alikuwa amesomea uwakili. Kitabu chake cha burudani za hesabu kilitoka mara ya kwanza mwaka 1892, kikaendelea kupanuliwa toleo baada ya toleo, na katika matoleo ya karne ya 20 mchezo wetu ukapewa nafasi yake. Ball aliliona jambo lililompita Mwenye Uchu: namba ya mwisho unayoweza kuifikia inategemea alama ulizoruhusiwa. Ndivyo anavyofikiri wakili. Kwanza tusome sheria, kisha tuhukumu.

Mwingereza mwingine, Henry Ernest Dudeney, alichukua njia yake. Yeye hakuwa mtu wa chuo kikuu. Alianza kazi ya ukarani serikalini akiwa na umri wa miaka 13, hisabati akajifunza mwenyewe, akaishia kuwa bingwa wa mafumbo wa magazeti ya Uingereza mpaka alipofariki mwaka 1930. Katika kitabu chake cha mwaka 1917, Amusements in Mathematics, alilishughulikia fumbo ambalo huenda umewahi kuliona: andika 1 2 3 4 5 6 7 8 9 kwa mpangilio huo huo, uweke alama katikati, jibu liwe 100.

Watu wengi hujibu 1 + 2 + 3 + 4 + 5 + 6 + 7 + 8 × 9. Waliosoma shule ya msingi Tanzania wataikumbuka hapa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Usipoikumbuka, utajumlisha kwanza mpaka 36 kisha uzidishe kwa 9, upate 324, uanze kumlaumu Dudeney. Ukiikumbuka, 8 × 9 ni 72, na zile saba za mwanzo jumla yake ni 28. Mia kamili.

Dudeney hakutosheka nalo. Alisema lina alama nyingi mno. Yeye alitafuta njia yenye alama chache kupita zote, na njia hiyo ni hii: 123 − 45 − 67 + 89. Alama tatu tu. Hesabu mwenyewe: 123 toa 45 ni 78, toa 67 ni 11, ongeza 89 ni 100. Nakiri kwamba hii ndiyo hesabu nzuri kuliko zote nitakazozitaja leo. Ukiamua kutumia kujumlisha na kutoa peke yake, au kuziacha tarakimu zishikane, kila moja ya nafasi nane zilizo katikati ina uamuzi wa aina tatu, na jumla ya mipangilio inakuwa 6,561. Katika hiyo yote, inayotua juu ya 100 ni 11 peke yake.

Mpaka hapo mchezo ulikuwa na afya njema. Aliyeuua, kwa maoni yangu, ni Paul Dirac.

Dirac alikuwa Mwingereza, mwanafizikia, mtu mkimya sana, aliyezaliwa mwaka 1902 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1933. Mwishoni mwa miaka ya 1920 vijana wa fizikia walikuwa wakikusanyika katika mji wa Göttingen, Ujerumani, na husimuliwa kwamba burudani yao mojawapo ilikuwa mchezo wetu huu, ila kwa 2 badala ya 4: kwa kutumia 2 nne na alama zozote za hesabu zinazojulikana, nani atafika mbali zaidi? Walikuwa wakikesha nayo, kila mtu akijivunia namba aliyoikamata. Dirac akaja na kanuni moja inayoikamata kila namba, tangu 1 mpaka usipopajua, na kwa 2 tatu tu. Ya nne ikabaki mfukoni.

Nitajaribu kuieleza bila kukutoa jasho. Chukua 2, utafute kipeuo chake cha pili, kisha kipeuo cha pili cha hicho ulichokipata, uendelee hivyo. Kila ukitafuta kipeuo, kile kipeo cha 2 kinakatwa nusu: kinakuwa 1/2, kisha 1/4, kisha 1/8. Na siri ni hii: alama ya kipeuo cha pili haiandikwi na tarakimu yoyote, kwa hiyo unaweza kuirundika mara mia bila kutumia 2 hata moja ya ziada. Ukitaka 5, rundika vipeuo vitano. Ukitaka 73, rundika 73. Kinachobaki ni kuvihesabu, na chombo cha kuvihesabu ni logarithimu, ile inayouliza: 2 ipewe kipeo gani ili tupate namba hii? Uliza swali hilo mara ya kwanza, utapata 1 juu ya 2 iliyozidishwa yenyewe mara tano. Uliza tena juu ya jibu hilo, utapata hasi 5. Weka alama ya kutoa mbele yake, na 5 yako imepatikana. 2 moja iko ndani ya vipeuo, mbili ziko katika zile logarithimu. Tatu.

Ni kazi ya akili ya hali ya juu, sikatai. Lakini angalia ilichokifanya. Baada ya Dirac hakuna namba ngumu wala namba rahisi. 19 iliyowakesha watu inapatikana kwa njia ile ile inayopatia 18 na 20, ni kuongeza kipeuo kimoja tu. Waliokesha Göttingen wakawa hawana tena la kukeshea. Dirac hakuvunja sheria hata moja. Sheria ilisema alama zozote, naye akazitumia zozote.

Mtu anaweza kuuliza kama jambo hilo haliwezi kufanywa kwa namna ya kuchezeka zaidi. Mwaka 1964 Donald Knuth, kijana wa miaka 26 ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa elimu ya kompyuta duniani, alichapisha makala fupi iliyosema tuache hizo 4 nne, moja inatosha. Alikubali alama tatu tu: kipeuo cha pili, ile alama ya mshangao ya Kramp, na kukata desimali ili ibaki namba kamili ya chini yake. Utapataje 5 kutokana na 4 moja? 4! ni 24. Itie 24 alama ya mshangao tena, upate namba yenye tarakimu 24. Itafutie kipeuo cha pili mara tano mfululizo: itashuka mpaka mabilioni, malaki, mamia, makumi, hatimaye 5 na nusu na ushee. Kata desimali. Hiyo hapo 5. Knuth alitumia kompyuta akaonyesha kwamba namba zote zilizo chini ya 208 zinafikika hivyo, akabashiri kwamba hakuna namba kamili isiyofikika. Alama tatu tu, na bado 5 inakupeleka mpaka kwenye namba yenye tarakimu 24. Huo nauona ni mchezo, ule wa Dirac nauona ni mazishi.

Kabla sijafika kwenye televisheni lazima nimtaje mwalimu mmoja wa Brazil. Júlio César de Mello e Souza, aliyezaliwa mwaka 1895, alikuwa akifundisha hesabu mjini Rio de Janeiro na kuandika vitabu kwa jina la kubuni la Malba Tahan, akijifanya Mwarabu. Kilichovuma kuliko vyote kilitoka mwaka 1938, nacho kinamhusu bingwa wa kuhesabu anayesafiri kwenda Baghdad ya zamani akitatua kesi za watu kwa hesabu: urithi wa ngamia, magawio ya mikate, na mengine ambayo wasomaji waliolelewa na hadithi za Abunuwasi watajiona wako nyumbani. Sokoni bingwa huyo anakuta duka linaloitwa 4 Nne. Anasimama na kumwonyesha mwenzake jinsi namba mbalimbali zinavyopatikana kutokana na 4 nne, na biashara ya kununua kilemba inangoja kwanza.

Mello e Souza alikuwa mpinzani wa wazi wa ufundishaji wa hesabu kwa vitisho, na alitumia maisha yake kuzunguka akiwaeleza walimu wenzake kwamba somo hilo linaweza kupendwa. Alifariki mwaka 1974. Tangu mwaka 2013 siku yake ya kuzaliwa, tarehe 6 Mei, ni siku ya taifa ya hesabu nchini Brazil kwa mujibu wa sheria. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilikumbuka 25 mara 16.

Sasa Ufaransa. Mwaka 1965 mtayarishaji wa vipindi Armand Jammot alianzisha kwenye televisheni shindano la kutafuta neno refu kuliko yote kutokana na herufi zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Mwaka 1972 akaliongezea namba, na kipindi kikaitwa Des chiffres et des lettres, tarakimu na herufi. Kiliishi miaka mingi mno, mpaka kilipoondolewa hewani mwaka 2024. Waingereza walikichukua, wakakiita Countdown, na tarehe 2 Novemba 1982 kikawa kipindi cha kwanza kabisa kurushwa na stesheni mpya ya Channel 4.

Masharti yao ni haya. Mshindani anapata namba sita. Nyingine ni ndogo, kati ya 1 na 10, nyingine kubwa: 25, 50, 75 na 100. Mashine inatoa namba lengwa yenye tarakimu tatu. Unaruhusiwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, basi. Hakuna nukta, hakuna kipeuo, hakuna mshangao, hakuna logarithimu. Kila namba itumike mara moja tu au iachwe. Kugawanya kusiache masalio. Saa ya Uingereza inakupa sekunde 30. Tazama walichofanya: mlango alioingilia Dirac wameupiga kufuli, na ile nyumba ikakalika tena, safari hii na mamilioni ya watu waliokuwa wakitazama jioni, wengi wao wakiwa wameacha shule zamani.

Mwaka 1997 katika Countdown ziliangukia namba 25, 50, 75, 100, 3 na 6. Lengo likawa 952. Saa ikaisha, na mshindani mmoja kijana akasema ameipata. Alianza na 100 + 6, ambayo ni 106. Akazidisha kwa 3, ikawa 318. Kisha akatamka: zidisha kwa 75. Kwenye ubao Carol Vorderman, aliyekuwa mwanahesabu wa kipindi, akaandika 23,850. Lengo ni 952, na kijana yuko elfu ishirini na tatu huko juu. Akaendelea: toa 50, zibaki 23,800. Gawanya kwa 25. Jibu, 952.

Wengi waliona ni maajabu, kipande kile kimekuwa kikirudiwa kutazamwa mpaka leo. Mimi kilinichukua siku mbili kuelewa alivyofikiri. 106 mara 9 ni 954, toa 2 ni 952. Hiyo ni njia fupi, na 9 inapatikana kwa 75 mara 3 kugawanya kwa 25, na 2 inapatikana kwa 50 kugawanya kwa 25. Shida ni kwamba hapo 25 inahitajika mara mbili, naye anayo moja. Kwa hiyo aliahirisha kugawanya. Alibeba mzigo wote mpaka juu, 75 na 50 zikiwa bado nzito, halafu mwishoni akaugawanya wote pamoja kwa ile 25 moja. Kile kilichoonekana kuwa ni kupotea njia kilikuwa ni kubana matumizi. Na pale studio hakuna aliyemwambia kwamba njia hiyo haikufundishwa. Vorderman aliandika kila hatua, hesabu ikakubali, alama zikatolewa.

Upande wa mashariki mchezo umeingia kwa karata. China watu wamezoea kupindua karata nne na kushindana nani atafika 24 kwanza, na mwaka 1988 Robert Sun, mzaliwa wa Shanghai aliyehamia Marekani, akautengenezea kadi zake maalumu na kuupeleka mashuleni huko. Nne zenye sifa mbaya kuliko zote ni 3, 3, 8, 8. Utajumlisha, utazidisha, utapata 22, utapata 25, 24 itakukimbia. Jibu ni kupita ndani ya sehemu: 8 ÷ 3, itoe katika 3, ibaki theluthi moja. Sasa gawanya 8 iliyobaki kwa theluthi hiyo.

Siku hizi simu ya mkononi inaweza kuyamaliza haya yote. Katika Countdown namba sita zinaweza kuangukia kwa namna 13,243 tofauti, idadi ambayo kompyuta inaipitia pamoja na malengo yake yote bila kutoka jasho. Sioni kwamba hilo limeharibu kitu. Pikipiki haikuwaondoa watu kwenye mbio za miguu.

Nyumbani kwangu tunacheza kwa namba za magari. Kwenye foleni ya asubuhi, binti yangu wa darasa la sita anasoma tarakimu tatu za gari lililo mbele na kutafuta 10. 482 ni nyepesi, 8 na 4 toa 2. Majuzi alikutana na 551 akasema 5 na 5, mara 1. Nikamwambia kwa MAGAZIJUTO hapo lazima uzidishe kwanza, 5 mara 1, ndipo ujumlishe. Akanijibu kwamba yeye ataweka mabano, na kwamba mabano hayajakatazwa. Sikuwa na la kusema.

Basi nimempa 1, 5, 5, 5, lengo 24, kwa alama nne za kawaida na mabano. Leo ni siku ya tatu na bado hajaniambia kitu. Jaribuni nanyi, jibu nitalisoma juma lijalo.